Kabla Tangazo Halijabandikwa: Kwa Wanaotafuta Kazi ya Leta Kalemie

Tangazo la konkuru, yaani mtihani wa kuingia kazi za Leta (Serikali), likishabandikwa ukutani, muda wa kujiandaa umekwisha pita. Ningependa kila kijana wa Kalemie, wa Moba, wa Nyunzu na wa Kongolo alishike hilo kabla ya mengine yote. Muda kati ya tangazo na siku ya mwisho ya kupeleka dosiye huwa mfupi, na habari yenyewe hutufikia ikiwa imechoka: imetoka Kinshasa, imezunguka kwenye simu za watu, imefika kwako jioni moja kupitia jirani. Anayeanza siku hiyo kutafuta diploma, kukimbilia komine, kupiga picha na kukumbuka Kifaransa alichokiacha shuleni, huyo hata chumba cha mtihani hatakiona.

Jibu ninalopewa kila ninaposema hivi nalijua: “Papa, bila kuwa na mtu utajisumbua bure.” Siwezi kuwaambia kwamba upendeleo haupo. Upo, na unauma. Wapo vijana hodari waliokaa nyumbani huku wengine wakiingia ofisini kwa karatasi ya mkubwa fulani. Lakini angalieni vizuri: kama kazi zote zingekuwa za kupeana mkono kwa mkono, asiye na mjomba wizarani angeingilia wapi? Konkuru ndiyo njia pekee ambayo mtoto wa mvuvi wa hapa anakaa dawati moja na mtoto wa waziri, na karatasi zao zinasahihishwa kwa kipimo kimoja. Ikiendeshwa vibaya, tuipiganie iendeshwe vizuri. Tukiisusa, tunawaachia wale wale tunaowalalamikia.

Tena sheria iko upande wenu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 13, inakataza Mkongo yeyote kubaguliwa katika kuingia kazi za umma kwa sababu ya dini, familia alikotoka, hali yake ya maisha, mahali anapoishi, maoni yake au kabila lake. Mahali anapoishi: wewe uliyeko Kabalo au Manono, maneno hayo yanakuhusu. Ibara ya 193 inasema utawala wa umma hauna chama, na hakuna anayeruhusiwa kuugeuza kwa faida yake. Na sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, inayowahusu watumishi wa kudumu wa Serikali, imeweka konkuru kuwa njia ya kawaida ya kuajiri. Yakariri haya. Yatakufaa mara mbili: siku ukiulizwa kwenye mtihani, na siku ukitaka kuandika malalamiko.

Wazee wetu walijua uzito wa jambo hili kwa njia chungu. Uhuru ulipofika mwaka 1960, katika ngazi za juu za utawala aliouacha Mbelgiji, miongoni mwa maafisa maelfu, Wakongo walikuwa watatu tu. Nchi ikalazimika kuanzisha haraka shule ya kufundisha watawala na mahakimu wake. Shule ya Taifa ya Utawala, ENA, iliyoundwa upya Kinshasa mwaka 2013, ni mjukuu wa juhudi hiyo, na huwezi kuingia humo bila mtihani. Vivyo hivyo mahakimu: sheria inataka waajiriwe kwa konkuru, na mwaka 2022 Baraza Kuu la Mahakimu liliwaita watahiniwa nchi nzima. Jimbo letu ni changa, limezaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, na bado linahitaji watu wa kukaa kwenye viti vyake. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilichokuwa kikilisha nusu ya mji kimefungwa, treni inapita ikitaka, na MONUSCO ilifunga ofisi zake hapa mwaka 2022 pamoja na kazi zote zilizoizunguka. Ushuru wa forodha, kodi, uhamiaji, elimu, afya, mahakama: huko ndiko mishahara ya kudumu ilikobaki.

Basi tuanze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Chukua leo diploma yako, kadi yako ya mpiga kura na hati yako ya kuzaliwa, uziweke mezani pamoja. Soma jina herufi kwa herufi. Tuseme diploma inasema Ngoy, kadi ya mpiga kura inasema Ngoie, na hati ya kuzaliwa imetanguliza jina la pili mbele ya la kwanza. Wewe unajua ni mtu mmoja. Jirani zako wanajua. Karani anayepanga dosiye mia kadhaa hajui, na hana sababu ya kukupigia simu kukuuliza, ataiweka dosiye yako kando. Kosa hilo huzaliwa kirahisi kwetu: mwalimu aliandika alivyosikia, mwandikishaji wa uchaguzi akaandika alivyosikia yeye, na wewe hukusoma kwa sababu ulikuwa umesimama juani kwenye mstari mrefu. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ni kali hapa: haimruhusu mtu kubadili jina lake, wala tahajia yake, wala mpangilio wa sehemu zake kama vilivyotangazwa kwenye daftari la raia. Ukitaka kubadili, unapitia mahakama. Kwa hiyo nenda ofisi ya hali ya raia kwenye komine yako, uwaonyeshe tofauti hizo, uwaulize ni hati gani itarekebishwa na nani. Kazi hiyo inaweza kuchukua miezi. Ndiyo maana nasema leo.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi. Vita vya 2016 na 2017 vilichoma nyumba nyingi Nyunzu, Manono na hapa Kalemie vijijini, na watu walikimbia na watoto mgongoni, si na diploma. Kisha ziwa likapanda, mwaka 2021 na tena 2024, maji yakaingia nyumba za kandokando na kuharibu yaliyokuwemo. Kama umepoteza hati zako kwa njia hizo, usikae ukidhani elimu yako imefutika. Andikisha upotevu, upate hati ya kupoteza vitambulisho, kisha urudi shuleni kwako na kwenye ofisi ya elimu ya jimbo kuomba uthibitisho wa matokeo yako. Mitihani ya Serikali ina orodha zake. Mwaka uliofaulu, namba ya shule na asilimia yako vinakutambulisha. Vikumbuke, viandike mahali. Na kila hati unayopata, ipige picha safi, mchana, pembe zote nne zionekane, uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Barua pepe hailowi.

Dosiye ya kawaida hudai barua ya kuomba kazi, mara nyingi kwa mwandiko wa mkono, maelezo ya maisha, nakala ya diploma iliyothibitishwa, hati ya uraia, hati ya mwenendo mwema, hati ya kutokuwa na hukumu ya jinai, na cheti cha daktari. Kila tangazo lina orodha yake; fuata hiyo. Lakini angalia kwamba baadhi ya hati hizi huisha muda wake baada ya miezi michache. Usizikate mapema mno ukapoteza pesa. Zisizozeeka, kama hati ya kuzaliwa na nakala za diploma, ziwe tayari siku zote. Zinazozeeka, jua tu zinatolewa wapi, kwa bei gani, na anayezitia sahihi hukaa ofisini siku zipi.

Umri nao. Wapo wanaoshauriwa kupunguza miaka ili watoshe kwenye masharti. Kataa. Tarehe ya uongo itakufuata kwenye kila karatasi hadi pensheni, na siku ya ukaguzi utakuwa mtu wa kutishwa na kila anayeijua siri yako.

Sasa Kifaransa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watoto wetu wanapopoteza alama nyingi bila wao kujua. Tunazungumza Kiswahili nyumbani, sokoni, kanisani, msikitini, hata barazani ofisini. Katiba imekitambua kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lakini lugha ya Serikali ni Kifaransa, na mtihani unaandikwa kwa Kifaransa. Kijana aliyemaliza chuo miaka minne iliyopita, ambaye tangu hapo ameandika ujumbe mfupi wa simu tu, mkono wake umekufa. Ana mawazo, ila sentensi hazitoki.

Ninachowaambia wanaokuja kwangu ni hiki: andika ukurasa mmoja kila siku kwa mkono. Usichape kwenye simu, kwa sababu simu inakusahihishia na siku ya mtihani haitakuwepo. Chagua mada ya hapa: takataka za soko, bei ya sambaza na migebuka, umeme wa Bendera unaokatika, barabara ya kwenda Moba. Kisha mpe mwalimu wa Kifaransa asahihishe, hata kama utamlipa kwa kumchotea maji. Soma makosa yako yote, utaona yanajirudia. Kwa Mswahili karibu kila mara ni yale yale: jinsia ya nomino, maana sisi hatuna “le” na “la”, kwa hiyo “le problème” inakuwa “la problème”, mama aliyetajwa mwanzoni anageuka “il” katikati ya aya, na wakati wa vitenzi unachanganyika. Mtu akijua makosa yake matano, dakika kumi za mwisho za mtihani anayatafuta hayo matano, anayafuta, na karatasi yake inapanda.

Na tafadhali, acheni kuanza insha kwa “De nos jours”. Msahihishaji ameshaisoma mara mia siku hiyo. Tuseme mada ni usafi wa mji. Mmoja anaandika kwamba siku hizi usafi ni tatizo kubwa duniani kote na kila mtu anapaswa kuujali. Mwingine anaandika kwamba mvua ikinyesha Kalemie mitaro iliyojaa plastiki hufurika, maji hayo hushuka ziwani, na ziwani ndiko wengi wanakochota maji ya kunywa, hivyo takataka na kipindupindu ni suala moja. Wa pili ana hoja tangu mstari wa tatu. Ameonyesha sababu na matokeo, na hakuhitaji maneno makubwa. Baada ya hapo aseme nani anapaswa kufanya nini: komine, mji, jimbo, wakazi. Mtumishi wa Serikali hutakiwa kufikiri hivyo hivyo, na wanaosahihisha hilo ndilo wanalolitafuta.

Maswali ya kuchagua jibu mnayajua tangu mtihani wa Serikali wa sekondari, sitayarefusha. Soma masharti kwanza kujua kama jibu baya linapunguza alama. Maswali rahisi yamalize, magumu uyarudie.

Maarifa ya jumla hayajifunzwi kwa wiki moja, lakini hayana siri. Nunua au nakilisha Katiba, na marekebisho yake ya mwaka 2011, uisome ibara chache kwa siku. Jua tofauti ya kazi za Serikali kuu na za jimbo, nani anamchagua gavana, bajeti inapitishwa na nani. Sikiliza taarifa ya Radio Okapi kwa Kiswahili asubuhi na kwa Kifaransa jioni: habari ile ile kwa lugha mbili ni darasa la bure. Na jua nyumbani kwako. Inashangaza jinsi mtahiniwa anavyoweza kutaja miji mikuu ya Ulaya akashindwa kutaja wilaya sita za Tanganyika: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Ziwa letu linagawanywa na nchi nne, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kina chake kinakaribia mita 1,470, cha pili duniani baada ya Baikal. Na maji yake hutoka hapa hapa, kwa mto Lukuga, kuelekea mto Kongo. Mji huu uliitwa Albertville hadi mwaka 1966. Mambo haya yanaulizwa, na hata yasipoulizwa yanajaza insha.

Someni wanne au watano pamoja. Mmoja alisoma sheria, mwingine uchumi, mwingine ualimu: kila mmoja afundishe anachokijua. Nimeona vikundi vya namna hiyo vikikaa chini ya taa ya sola uani, kila mtu na daftari lake, mama mwenye nyumba akipita na chai. Kitu ambacho sikubali ni kikundi cha kutafuta “épreuve”, karatasi ya mtihani, iliyovuja. Tisa kati ya kumi ni za uongo, na ya kumi itakufukuzisha.

Hapo tumefika kwenye pesa. Ada halali, kama ipo, imeandikwa kwenye tangazo, inalipwa benki au kwenye dirisha la Serikali, na unapewa risiti. Yeyote anayekuambia utume pesa kwa namba ya simu ili “jina lako liwe kwenye orodha” ni mwizi. Tena mwizi mwenye akili: anawachukulia watu ishirini, kwa bahati wawili wanafaulu kwa nguvu zao wenyewe, anadai ni yeye aliyewafaulisha, na sifa yake inakua. Wengine wameuza mbuzi wa familia kwa watu hao. Tangazo ukilipata kwenye WhatsApp, usilisambaze kabla hujalithibitisha kwenye ofisi husika ya jimbo au kwenye tovuti ya taasisi yenyewe. Angalia lina namba ya rejea, sahihi, muhuri na jina la taasisi. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, maombi mengi ya kazi za umma hupitia mlango mmoja, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mtu anajua pa kuangalia. Kwetu milango ni mingi, kwa hiyo kazi ya kuthibitisha ni yako.

Uliza mapema kituo cha mtihani kiko wapi. Kikiwa Lubumbashi, hesabu safari upya: treni haina saa ya kuaminika, barabara wakati wa mvua ni kamari, na ndege ni ghali. Ni afadhali kufika wiki moja mbele kwa shangazi kuliko kufika usiku wa kuamkia mtihani. Kituo kikiwa hapa, wewe unayekaa ng'ambo ya Lukuga lala kwa ndugu upande wa mjini kama mawingu yamefunga. Na saa: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Maombi ya intaneti yanayofungwa saa kumi jioni za Kinshasa hapa yanafungwa saa kumi na moja, ila usingoje hapo, maana mtandao utakuwa umelala. Tangazo la Kifaransa likisema “8 heures”, kwetu ni saa mbili asubuhi. Andika hivyo kwenye karatasi yako kwa Kiswahili ili mama wa nyumbani akuamshe sawasawa.

Ukifika kwenye mahojiano, adabu ya nyumbani ikusaidie bila kukufunga. Tumelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Mbele ya jopo, macho yaliyoinama yanaweza kusomwa kama kutojua au kuficha. Salimia kwa heshima, ngoja uambiwe ukae, kisha mtazame anayekuuliza na ujibu kwa sentensi zilizokamilika. Usichokijua sema hukijui. Jopo linasamehe hilo kuliko hadithi ya kubuni. Akina dada huulizwa wakati mwingine kama mume ameruhusu. Jibu kwa utulivu kwamba Kanuni ya Familia ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, siku ile ile ya sheria ya watumishi, na sharti la idhini ya mume likaondolewa. Kisha endelea kueleza utaifanyaje kazi.

Jioni ya mtihani, kabla ya kulala, andika maswali yote unayoyakumbuka. Usipofaulu, daftari hilo ni mwanzo wa safari ijayo. Ukiona jina lako limerukwa kwa namna isiyoeleweka, andika malalamiko yenye tarehe, namba yako ya mtahiniwa na ibara za sheria, uyapeleke kwa mamlaka iliyoandaa konkuru. Maneno ya barazani hayana jalada.

Na ukifaulu, usifunge duka lako la unga siku hiyo. Kati ya jina kutoka na mshahara wa kwanza kuna barua ya kupangiwa kazi, kipindi cha majaribio, namba ya matrikule, kuingizwa kwenye orodha ya malipo na akaunti ya benki. Walimu wetu wanajua maana ya kufundisha mwaka baada ya mwaka kama “nouvelle unité” bila kulipwa. Kila karatasi unayoikabidhi ofisini, beba nakala yake ya pili, na usiondoke dirishani kabla nakala hiyo haijapigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea.